Siku ya Malenga wa Mtaa: Namna ya Kuiandaa Hadi Mashairi Yabaki kwenye Karatasi

Mara ya kwanza tulipowakusanya malenga wa mtaa wetu, watu walijaa hadi wengine wakasimama ukutani. Mzee mmoja mwenye umri wa miaka 80 na ushei alighani shairi la beti tisa juu ya mkewe aliyetangulia mbele ya haki. Kina mama walifuta machozi kwa ncha za khanga. Tukapiga makofi, tukala, tukatawanyika. Miezi minne baadaye mzee naye akafariki. Tulipoketi matangani kila mmoja alijaribu kulikumbuka lile shairi. Tuliambulia kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa, na nusu ya ubeti wa pili. Yaliyosalia alikwenda nayo.

Hakuna aliyekuwa ameliandika, wala aliyekuwa amelirekodi. Simu zilikuwepo mifukoni mwetu.

Tangu siku hiyo, nikiombwa ushauri na watu wanaotaka kuwaenzi washairi wa kwao, nawaambia wapange kazi tatu: kuwatafuta malenga, kuwasikiliza, na kuwaandika. Wengi huishia ya pili, na ya tatu ndiyo inayobaki. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu miaka zaidi ya 40 kabla Mwalimu Sikujua bin Abdallah hajayakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari William Taylor. Leo tunamsoma Muyaka kwa sababu mtu mmoja alikwenda kuwauliza wazee, akakaa chini na kalamu. Mtaa wenu nao una Muyaka wake. Mtafuteni Sikujua wake pia.

Jipeni miezi mitatu. Chini ya hapo mtafanya sherehe, lakini hamtapata mashairi.

Anzeni na majina, ukumbi utafuata

Kosa la kawaida ni kutafuta ukumbi na mgeni rasmi kwanza, kisha wiki ya mwisho mkaulizana nani atasoma. Chukueni daftari, ukurasa mmoja kwa kila jina, mpite mtaani.

Mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwa wasikilizaji wa redio wa zamani na wasomaji wa magazeti. Mashairi yalikuwa yakitumwa kwa barua kwenye vipindi kama Malenga Wetu cha Radio Tanzania na kwenye kurasa za mashairi za magazeti. Watunzi wa zamani walikuwa na desturi ya kumalizia kwa ubeti wa kaditamati, wakijitaja jina au lakabu, na mara nyingi mahali wanapoishi. Ukikuta gazeti kuukuu kwenye sanduku la mtu, soma beti za mwisho. Sisi tulimpata mtunzi mmoja kwa njia hiyo. Alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na watoto wa mtaani walimjua kama fundi baiskeli tu.

Kisha nendeni wanakoimba watu. Anayewatungia kwaya nyimbo za mazishi ni mtunzi. Anayetunga kasida za maulidi ni mtunzi. Bibi anayealikwa kila harusi kumwimbia bi harusi mawaidha ni mtunzi, hata kama hajawahi kujiita hivyo. Hapa nasisitiza, kwa sababu orodha ya kwanza ya karibu kila kamati huja imejaa majina ya wanaume. Ukiuliza "nani mshairi hapa?" utaonyeshwa wazee wa barazani. Uliza badala yake: "Nani hutunga maneno ya nyimbo? Nani huombwa aandike shairi mtu akistaafu, akioa au akifariki?" Majibu yatabadilika papo hapo. Utendi maarufu wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ulitungwa na mama akimwusia binti yake nyumbani. Mashairi ya namna hiyo bado yanatungwa, na yako majumbani.

Msiwasahau vijana. Kuna anayechana mistari kwenye bodaboda, kuna anayetuma beti kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake la zamani, kuna msichana wa kidato cha tatu mwenye daftari analolificha chini ya mto. Hawa hawatakuja kwa tangazo. Huletwa na rafiki au na mwalimu wa Kiswahili.

Katika kila ukurasa andikeni jina, anapoishi, anatunga nini (shairi la tarbia, yaani la beti za mishororo minne, utenzi, wimbo, shairi huru), lahaja yake, na jambo moja ambalo husahaulika: je, hughani mwenyewe au anahitaji mtu wa kumghania? Watunzi wengi wazuri hawana sauti, na wenye sauti wengi hawatungi. Kuwaunganisha wawili hao mapema ni nusu ya kazi.

Kumwendea malenga nyumbani kwake

Usimpigie simu mzee ukamwambia "tunakuomba tarehe fulani uje na shairi." Nenda. Piga hodi, mpe shikamoo, kaa utakapoonyeshwa, subiri habari za nyumbani ziishe. Safari ya kwanza simu ibaki mfukoni. Kama unajua hata ubeti mmoja wa kwake au wa mtu wa rika lake, mghanie. Hakuna funguo kubwa kuliko hiyo. Nimewahi kumwona mzee aliyekuwa akijibu kwa neno mojamoja akinyanyuka baada ya mgeni kukosea kina katika ubeti wake. Alimsahihisha, akaingia ndani, akarudi na daftari la kaunta lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni. Ndani mlikuwa na mashairi yake tangu enzi za ujana, kwa wino wa rangi tatu tofauti.

Ukiona daftari la namna hiyo usiliombe. Omba ruhusa ya kulipiga picha palepale, ukurasa kwa ukurasa, karibu na dirisha ili mwanga uwe wa pembeni, na daftari lisitoke nyumbani. Madaftari mengi yamepotea mikononi mwa watu waliotaka "kwenda kulitoa fotokopi" na kurudi kesho. Familia haisahau hilo, na ninyi mnaofuata ndio mtakaofungiwa mlango.

Safari ya pili ndipo useme ombi lako: siku, mahali, muda atakaopewa, nani atamleta na kumrudisha, na kwamba shairi litarekodiwa na kuandikwa iwapo ataridhia. Mzee apewe mtu wake mmoja wa kamati, kijana mwenye subira, atakayemtembelea tena kabla ya siku yenyewe. Jina la huyo kijana liandikwe kwenye ukurasa wa malenga katika daftari lenu.

Kamati, tarehe na ruhusa

Watu watano wanatosha: mratibu, mshika fedha, wa jukwaa na sauti, wa kurekodi na kuandika, na wa kuwashughulikia malenga wenyewe. Zaidi ya hapo vikao vinakuwa virefu kuliko sherehe. Huyo wa kurekodi asipewe kazi nyingine yoyote siku hiyo, hata ya kugawa maji.

Kuhusu tarehe, zipo mbili zinazojipendekeza. Tarehe 21 Machi ni Siku ya Ushairi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999. Ni nzuri kwa jina, lakini kwa maeneo mengi ya pwani inaangukia masika yanapoanza, kila mwaka huwa ndani ya Kwaresima, na miaka mingine hukutana na Ramadhani. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2021, na kwa Tanzania ni Sabasaba, sikukuu ya kitaifa. Kiangazi kimeingia, watu wapo nyumbani, mnaweza kukaa nje. Mimi nachagua Julai. Kijijini angalieni kalenda ya mavuno na muulize wanawake kwanza, maana wao ndio wanaojua siku gani hawatakuwa shambani.

Ruhusa si jambo gumu likianza mapema. Tanzania Bara anzieni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya kijiji, muende kwa mtendaji wa kata, kisha mumwone afisa utamaduni wa halmashauri. Zanzibar mlango wa kwanza ni sheha. Pelekeni barua inayotaja siku, saa, mahali, idadi ya watu mnaowatarajia na kama kutakuwa na vipaza sauti, kisha waulizeni hao hao kama polisi nao wanahitaji taarifa na saa ya mwisho ya kuzima spika. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

Swali la mwaka

Hiki ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachoitofautisha siku ya malenga na tafrija nyingine yoyote. Washairi wetu tangu zamani walijibizana. Mmoja hutupa swali au fumbo kwa ubeti, mwingine hulipokea kwa bahari (aina ya shairi) ileile na vina vilevile, wa tatu akaja na upande wake. Kujibizana ndiko kulikokuwa kukijaza kurasa za mashairi kwa miezi.

Kwa hiyo, wiki tatu kabla ya siku, kamati itoe ubeti mmoja wa swali. Uhusu jambo linalowagusa watu wa hapo, lenye pande mbili za haki. Swali ambalo jibu lake linajulikana halina malumbano. Kwa mfano, nimetunga huu kwa ajili ya mwongozo huu:

Nawauliza malenga, swali langu nalileta,
Mwembe huu wa kiunga, wenzetu wataka kata,
Wasema njia wafunga, gari hazitaipita,
Tukiukata kwa panga, kivuli tutakipata?

Hesabu: kila mshororo una mizani (silabi) 16, nane upande wa ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane wa utao, nusu ya pili. Kina cha kati ni *nga*, cha mwisho ni *ta*. Anayejibu anabanwa na vina hivyo hivyo, na kubanwa huko ndiko kunakoonyesha ufundi. Mtetezi wa mwembe anaweza kuja hivi:

Mimi jibu nalipanga, muuliza nakufata,
Njia yaweza kusonga, kando yake ikapita,
Mti haujui tanga, papo ulipojikita,
Tukiukata kwa panga, kivuli hatutapata.

Tazameni alivyofanya na mshororo wa mwisho. Kibwagizo ni kilekile, ila swali limegeuka kuwa jibu kwa kubadili neno moja. Sasa asimame mama ambaye usiku mmoja gari la wagonjwa lilishindwa kupita hapo, ajibu kwa *nga* na *ta* zake. Hapo ukumbi utakuwa kimya.

Ubeti wa swali ubandikwe ofisi ya mtaa, shuleni, msikitini na kanisani, kwenye kijiwe cha kahawa, na usambazwe kwa simu, ukiwa maandishi pamoja na sauti iliyoghaniwa. Usomeni pia majumbani kwa watunzi wasiosoma. Wapo, na baadhi yao ndio bora. Majibu yaletwe siku tano kabla, yasizidi beti tano kila moja, ili mchague majibu sita au saba yanayovutana kweli. Yasiyochaguliwa yabandikwe ukutani siku ya sherehe. Hakuna shairi la kutupwa.

Neno juu ya mashairi huru. Miaka ya 1970 wanamapokeo na wanamabadiliko walibishana vikali kama tungo isiyo na vina na mizani ni shairi. Mkiuleta ubishi huo jukwaani utameza jioni nzima. Wenye kutunga huru wapewe nafasi yao kamili katika ratiba, ila malumbano ya swali la mwaka yabaki ya arudhi, yaani sheria za vina na mizani, kwa kuwa mchezo wenyewe umejengwa juu ya kubanwa. Nimeona kijana wa mistari ya bure akirudi mwaka wa pili na tarbia safi, baada ya kumsikia mzee akimjibu mwenziwe kwa vina. Na nimeona mzee akimwomba kijana yuleyule arudie tungo yake huru mara mbili.

Mahali, sauti na ratiba

Tafuteni mahali ambapo sikio linafanya kazi. Uwanja wa mpira ni mbaya, ua wa shule uliozungukwa na madarasa ni mzuri, baraza pana au kivuli cha mti mkubwa ni bora kwa watu mia moja na hamsini. Kaeni nusu duara. Jenereta liwe mbali, nyuma ya jengo, hata kama itabidi waya uongezwe. Ngurumo ya jenereta huua mashairi, na hubaki kwenye rekodi milele.

Maiki moja ya waya yenye stendi ni bora kuliko tatu za kushika zisizo na waya ambazo betri zake hazijulikani. Mghani mzee hazoei kushika maiki. Ataipunga kama fimbo akinogewa. Iwekeni kwenye stendi, kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili *p* na *b* zisipige ngoma. Awepo kiti. Jaribuni sauti kwa mtu anayeghani. Wale wanaohesabu "moja, mbili, moja, mbili" hawatawaonyesha kitu, kwa sababu sauti ya kughani hupanda ghafla mwishoni mwa mshororo na hapo ndipo spika hupiga yowe.

Muda hupangwa kwa beti. Ubeti mmoja wa tarbia ukighaniwa, hadhira ikaitikia kibwagizo, huchukua kama nusu dakika hadi dakika nzima. Shairi la beti saba basi ni dakika tano hivi. Malenga kumi na wawili ni saa moja. Ongezeni dakika arobaini za malumbano, kumi za ngonjera ya watoto, mapumziko ya sala na maji, na maneno ya wageni. Mtakuwa mmetimiza saa mbili na nusu, na watu hawataki zaidi. Utenzi mrefu usighaniwe wote. Mwambieni mtunzi achague beti ishirini, na muahidi kuuchapa mzima.

Watoto waanze. Ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliieneza miaka ya 1960, inafaa sana hapa kwa sababu watoto kumi wanaweza kujibizana jukwaani kwa wakati mmoja, na kila mtoto huja na wazazi wawili na shangazi. Baada yao waje wazee mara moja, wakiwa bado na nguvu na hadhira bado haijachoka. Desturi ya kumweka mkubwa mwishoni kama heshima inamwonea. Saa tatu usiku mzee wa miaka 80 anasinzia kitini, na nusu ya watu wameondoka. Wakitoka wazee yaje malumbano, kisha vijana wafunge, wao ndio wenye usiku.

Mgeni rasmi, kama yupo, azungumze dakika tano katikati ya ratiba. Akizungumza mwanzoni akachelewa kufika, sherehe nzima inamsubiri, na hilo nimelishuhudia mara tatu.

Mshereheshaji awe mtu anayejua kibwagizo ni kitu gani. Kazi yake ni kuwafundisha watu kuitikia: kabla ya kila shairi amwombe mtunzi mshororo wake wa mwisho, auseme mara mbili, watu waurudie. Hadhira inayoitikia haichezei simu. Kutuza kuwe na utaratibu pia. Watu wetu wakifurahi huinuka na noti mkononi, na ni jambo zuri, lakini likifanyika katikati ya ubeti linamtoa mghani kwenye mizani. Wekeni kikapu chini ya jukwaa, kila malenga na bahasha yenye jina lake, watu watuze shairi likimalizika.

Mshindi au shaha?

Sishauri kuwapanga wazee wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mtu aliyetunga miaka hamsini hana sababu ya kwenda nyumbani na alama 62. Shindano liwe la swali la mwaka peke yake, na la wanafunzi. Kwa hukumu wateueni watu watatu, mmoja wao akiwa shaha, yaani malenga anayekubalika na wenzake kwamba anajua sheria za utunzi. Wakague mizani na vina kwenye karatasi kabla ya siku, ili jukwaani wahukumu hoja, lugha na ughani tu. Anayekaa mezani kuhukumu asiwe na jibu lake kwenye shindano wala la mtoto wake.

Zawadi iwe kitu cha mtunzi: daftari zuri lenye jalada gumu, kalamu, kamusi. Vikombe vya plastiki vyenye rangi ya dhahabu vinaishia juu ya kabati.

Kurekodi na kuandika

Idhini kwanza. Andikeni karatasi fupi, nusu ukurasa, yenye mambo matatu ya kuweka alama: naruhusu kurekodiwa, naruhusu shairi lichapwe katika kijitabu, naruhusu sauti isambazwe. Mtu anaweza kukubali moja na kukataa mengine. Msomeeni asiyesoma, mbele ya mtu wake. Shairi linabaki mali ya mtunzi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa manufaa ya warithi. Kamati haiwi mwenye shairi kwa kuwa ilikodi spika.

Tumieni simu mbili. Moja iwe karibu na mghani, juu ya kitambaa, ikiwa imezimwa mtandao ili isiite. Nyingine iwe mita tatu nyuma kama akiba. Kabla ya kila shairi mwenye kurekodi ataje kwa sauti jina la mtunzi, jina la shairi na tarehe. Usiku huohuo nakilini sauti zote kwenye kompyuta na kwenye flashi, kabla simu haijaanguka majini.

Wiki inayofuata ndipo kazi yenyewe. Kaeni wawili, mmoja asikilize, mwingine aandike, na kila mshororo uhesabiwe. Mizani itawasaidia kuliko masikio. Ukiandika "Tukikata kwa panga" utapata saba, na mwenzake wa upande wa pili ana nane. Umedondosha kitu. Rudisha nyuma, sikiliza: "Tukiukata kwa panga". Ile *u* ndogo ilimezwa na pumzi. Kumbukeni pia kwamba *m* inayosimama peke yake kabla ya konsonanti, kama katika *mti*, ni mizani kamili: m-ti, mbili. Waandishi wapya huisahau, kisha wanamlaumu mtunzi kwamba amepungukiwa.

Msisanifishe lahaja. Mtu wa Mvita akisema *mato* ana maana ya macho, na inawezekana kina chake cha mwisho ni *to*, kikifuatana na *moto* na *mtoto*. Ukimwandikia *macho* kwa kudhani unamsaidia umemvunjia ubeti mzima. Maana iwekwe chini ya ukurasa.

Kisha, na hii msiiruke hata kama muda umebana, rudini kwa mtunzi na maandishi. Msomeeni. Atasahihisha. Mara nyingine ataongeza ubeti aliousahau jukwaani kwa woga.

Kijitabu

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukurasa wa namna hiyo hubeba beti tano za tarbia bila kubanana. Malenga kumi na wawili, kurasa mbili kila mmoja, ni kurasa 24. Ongezeni nne za utangulizi na orodha, zinakuwa 28, yaani karatasi saba, na jalada la manila. Stepla ya mkono mrefu ipo kwenye maduka mengi ya fotokopi. Mshororo wa mizani 16 ukatwe katikati kwa mkato, usivunjwe mistari miwili. Chini ya kila shairi andikeni jina kamili la mtunzi, mtaa wake, na tarehe aliyoghani. Malumbano ya swali la mwaka yawekwe kwa mpangilio wa kujibizana, ili msomaji ayasikie.

Nakala za kwanza ni za malenga, tano kwa kila mmoja, zipelekwe kwa mkono. Zinazofuata ziende shule zote za kata, maktaba ya mkoa na ofisi ya mtaa. Zinazobaki ziuzwe kwa bei ya kurudisha gharama za karatasi, na mshika fedha abandike hesabu mahali pa wazi.

Siku tulipopeleka kijitabu chetu cha kwanza, bibi mmoja ambaye macho yake yameingia ukungu alikipokea, akakipapasa, akauliza, "Langu liko ukurasa wa ngapi, mwanangu?" Nikamwambia wa kumi na tatu. Akamwita mjukuu wake wa darasa la nne aje asome. Mtoto alisoma polepole, akikwama. Bibi alikuwa akitikisa kichwa kwa kila kina, na kwenye ubeti wa nne akamsimamisha: hapo kuna neno limekosewa. Kweli lilikuwa limekosewa. Tukachukua penseli, tukarekebisha nakala yake palepale, na kesho yake tukazunguka kurekebisha zingine zote.